Tathmini ya mtambo wa umeme wa makumbi na makonyo: mapitio ya kazi ya mshauri katika shehia yetu, Pemba

Ninaandika mapitio haya kuhusu kazi ya kampuni ya ushauri iliyokuja shehiani kwetu, hapa Pemba, kufanya tathmini ya athari za kimazingira na kijamii kwa ajili ya mtambo wa umeme unaokusudiwa kujengwa jirani nasi. Kwa mujibu wa maelezo tuliyopewa, mtambo huo utachoma makumbi ya nazi (maganda ya nje yenye nyuzi), vifuu, makuti, makonyo (vikonyo vya karafuu) na kuni, utachemsha maji hadi yawe mvuke, na mvuke huo utazungusha turbini na kutoa umeme wa megawati 5. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kazi yake haijafungwa na bado ina nafasi ya kurekebisha. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asingoje: ramani zao ni nzuri, adabu yao ni nzuri, na hesabu yao ya kuni ni mbovu. Kwa mtambo unaoishi kwa kula kuni, kasoro hiyo ya tatu inazishinda sifa mbili za mwanzo.

Huduma ya aina hii mwananchi haiombi wala hailipii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, ndiyo inayodai tathmini kabla ya mradi mkubwa kuruhusiwa, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ndiyo inayoipitia, na mwenye mradi ndiye anayemlipa mshauri. Hata hivyo tutakaoishi chini ya dohani ni sisi, na kwa hiyo naona tuna haki ya kusema kama kazi imefanywa vizuri au vibaya, kama vile mgonjwa alivyo na haki ya kumsema daktari hata kama ada imelipwa na mtu mwengine.

Shehia yetu imegawanyika juu ya mtambo huu, na mgawanyiko huo hauelezeki bila kutaja hali ya umeme wenyewe. Pemba inapata umeme wake kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari wa kilovolti 33, uliozinduliwa mwaka 2010, unaotoka upande wa Pangani, mkoani Tanga, na kuibukia Ras Mkumbuu. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka zamu za giza. Wanakumbuka pia yaliyowapata ndugu zetu wa Unguja, ambao mwaka 2008 walikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, kisha wakakaa tena takriban miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ileile moja iliyowaunganisha na bara. Mtu anayesema kwamba Pemba inahitaji umeme unaozalishwa hapa hapa Pemba hasemi jambo la kipuuzi. Anasema jambo ambalo hata mimi naliamini.

Kaka yangu ni mmoja wao. Anauza barafu kwa wavuvi, na umeme ukikatika usiku mmoja, asubuhi yake anawaona watu waliomlipa wakirudi pwani mikono mitupu na samaki wao wakilegea kwenye matenga. Upande wake yuko fundi wa kuchomelea, wako vijana wanaotaraji ajira ya kupakia na kusaga makumbi, yuko mwalimu mmoja wa skuli ambaye amefanya hesabu ya gharama za dizeli kwa jenereta la skuli. Upande wa pili wako wasokota kamba wa usumba, yaani nyuzi za makumbi, wako wanaouza makonyo, wako wenye nyumba zilizo karibu na eneo la mradi, na wako wazee wanaohofia mikoko. Mimi niliingia katika jambo hili nikiwa upande wa kaka yangu. Tangu nimalize kusoma rasimu ya ripoti tunasalimiana vizuri na tunakula pamoja, lakini mazungumzo ya mtambo tumeyaweka pembeni, na najua nyumba nyingi hapa zimefanya hivyo hivyo. Barazani baada ya sala ya alasiri watu waliokaa pamoja miaka yote sasa wanachagua mahala pa kukaa. Mshauri hakuuleta mgawanyiko huu, lakini kazi iliyofanywa kwa uangalifu ingeupunguza, na hii imeuzidisha.

Nianze na yaliyo mema, kwa kuwa yapo na yanastahili kutajwa. Wapimaji waliokuja mwanzo walipita kwa sheha, wakabisha hodi kila mji, wakavua viatu, wakaongea Kiswahili chepesi. Ramani waliyoichora ya mashamba, visima, njia za gari ya ng'ombe na makaburi ni sahihi kuliko ramani yoyote niliyowahi kuiona ya eneo letu, na makaburi mawili ya zamani ambayo vijana wengi hawayajui yameonyeshwa mahala pake. Mchoro wa mtambo uliobandikwa ukutani mwa darasa ulieleweka hata kwa mtu asiyejua fizikia: hapa kuni zinakaushwa, hapa zinachomwa, hapa maji yanakuwa mvuke, hapa jivu linatoka. Muhtasari wa Kiswahili uligawiwa bure.

Kasoro zinaanza na siku ya mkutano. Uliitishwa saa tatu asubuhi, katikati ya msimu wa karafuu, saa ambayo nusu ya shehia iko juu ya mikarafuu na nusu nyengine iko chini yake inaokota. Waliofika walikuwa wazee, wenye maduka na watu wa kamati. Wanawake walikuwa wachache mno, na ndio wenye makumbi. Aliyeokoa mkutano ule ni bibi mmoja msokota kamba aliyefika amechelewa, magauni yake bado yana matope ya pwani, akasimama wakati mtaalamu anaeleza kwamba malighafi ya mtambo ni taka zisizo na matumizi.

"Mwanangu," alimwambia, "makumbi niliyoyafukia pwani tangu mwezi wa Rajabu sijayafukua bado. Hayo umeyaandika kwa jina la nani?"

Mtaalamu alimjibu kwa heshima, "Bi mkubwa, hayo ya kwako hatutayagusa, sisi tunazungumzia yale yanayotupwa." Bibi akamuuliza yanayotupwa wapi, na swali hilo halikupata jibu, kwa sababu katika shehia hii hakuna mahala panapotupwa makumbi. Kumbi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, likaoza nyama yake, likapondwa kwa gongo, usumba ukaanikwa na kusokotwa kamba. Lisilofukiwa hukokwa motoni. Kifuu huwa mkaa au kuni ya haraka ya kuchemshia chai. Kuti huezeka banda, karara huwashia moto, makanja yakianguka hayalali chini siku mbili kabla mtoto hajatumwa kuyaokota. Makonyo ya karafuu yana mnunuzi wake tangu zamani: yanauzwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, na pesa zake, ingawa ni ndogo, mara nyingi huwa za mwanamke au mtoto aliyeyachambua. Neno taka, kama lilivyotumika ukurasa kwa ukurasa katika ripoti, limefuta wenye mali kabla hawajahesabiwa.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa kuwa hesabu yenyewe si ngumu na kampuni ya ushauri ingeweza kuiweka wazi kwa aya moja. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kilowati-saa 4 na kitu. Mtambo mdogo wa mvuke hugeuza kama robo yake tu kuwa umeme, na zilizobaki hutoka kama joto. Maana yake ni kwamba kila megawati moja ikizalishwa kwa saa moja hula takriban tani moja ya malighafi kavu. Megawati 5 zitakula tani 5 kwa saa, tani 120 kwa siku, na kwa mwaka, mtambo ukifanya kazi mfululizo, zaidi ya tani 40,000. Sasa nazi moja, kumbi na kifuu vikikauka sawasawa, hutoa takriban nusu kilo. Tani 120 basi ni mabaki ya nazi kama 240,000, na hizo ni za siku moja tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima. Ili kuulisha mtambo kwa makumbi na vifuu peke yake, kila watu wawili wa kisiwa hiki wangepaswa kufua na kuvunja karibu nazi moja kila siku, na kisha wasibakize hata kumbi moja la kukokea moto wao wenyewe.

Ripoti inayajua haya, ingawa haiyasemi. Katika kiambatisho cha malighafi, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza tu na hakimo katika muhtasari tuliogawiwa, yapo maneno machache kwamba upungufu utajazwa kwa kuni kutoka vyanzo vya ndani. Vyanzo hivyo havikutajwa. Mtu wa Pemba anajua ni vipi: ni mikoko ya hori zetu, ni vichaka vya mawe vya upande wa mashariki, ni mikarafuu mizee, na siku ikifika bei ikipanda, ni pembezoni mwa Msitu wa Ngezi, anakoishi popo wa Pemba asiyepatikana popote pengine duniani. Watu wengi hapa bado wanapika kwa kuni na mkaa. Mtambo ukiingia sokoni na fedha taslimu, hautanunua kuni zilizobaki baada ya watu kupika. Utanunua kwanza, na mwanamke mwenye mafiga matatu atanunua mwisho, kwa bei iliyokwisha kupandishwa. Athari hiyo ya bei haikuandikiwa hata sentensi moja, nami naihesabu kuwa upungufu mkubwa kuliko yote katika kazi hii.

Kuna jambo jengine la kitaalamu ambalo mshauri wa malighafi alipaswa kulisema. Majivu ya makumbi yana potasiamu na klorini kwa wingi, na vitu hivyo huganda kwenye mabomba ya boila na kuyala. Kwa hiyo makumbi hayafai kuchomwa peke yake kwa muda mrefu. Hutakiwa kuchanganywa na kuni safi. Huo ni ushahidi mwengine kwamba kuni za miti haziwezi kuwa nyongeza ndogo kama inavyodaiwa.

Upande wa umiliki, fomu waliyoipitisha ilikuwa na nafasi moja tu: mmiliki wa shamba. Anayeijua Zanzibar anaelewa kwa nini nafasi moja haitoshi. Ardhi na miti kwetu ni vitu viwili. Yako mashamba ya eka tatu tatu yaliyogaiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ambayo yamekwisha kurithiwa mara mbili, ardhi ikawa kwa jina la mtu na minazi imegawanywa kwa ndugu sita, mmoja wao yuko Unguja na mwengine Maskati. Uko mnazi wa bibi katika kiwanja cha mjukuu. Iko mikarafuu inayochumwa na mtu asiyekuwa na haki ya ardhi hata shubiri. Fomu iliuliza shamba ni la nani, ikapewa jina moja, na majina mengine matano yakaanguka. Fidia na mikataba ya kununua makumbi ikifuata orodha ile, ugomvi utaingia katika mirathi, na huo ndio ugomvi unaochelewa sana kupoa.

Kuhusu moshi, mshauri ameleta ramani ya rangi inayoonyesha chembechembe ndogo za moshi zitakavyosambaa, na inaonyesha kwamba zitakwenda upande wa kusini, juu ya konde zisizo na nyumba. Nilipotazama tarehe za vipimo vya upepo nikaelewa sababu: vilichukuliwa Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Upepo wa kusi, unaovuma kwa miezi mingi zaidi ya mwaka, huenda kinyume chake, na upande huo wa pili ndiko iliko skuli, ndiko uliko msikiti, na ndiko ziliko nyumba nyingi. Nahodha yeyote wa ngalawa angewaeleza bila malipo. Sidai kwamba moshi lazima uwe mwingi; mtambo wenye vichujio vizuri vinavyotunzwa hutoa moshi mdogo kuliko majiko yetu ya ndani, na wanaounga mkono mradi wana haki ya kulisema hilo. Nadai kwamba ramani ya miezi miwili haiwezi kuitwa ramani ya mwaka.

Maji yameelezwa kwa kifupi na sina mengi ya kuongeza, ila kwamba mtambo wa mvuke unaopozwa kwa maji ni mnywaji mkubwa, visima vyetu vya karibu na pwani tayari huonja chumvi mwisho wa kiangazi, na ripoti ilipaswa kusema waziwazi kama upozaji utakuwa wa maji au wa hewa. Ajira zimeelezwa kwa matumaini tu.

Kitu kilichonisikitisha zaidi ni kwamba mifano ya kulinganisha ipo na haikutumiwa. Umeme wa mabaki ya mimea unafanya kazi Tanzania bara kwa miaka mingi. Viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi vinachoma makapi ya miwa, na kampuni ya TANWAT ya Njombe imekuwa ikichoma miti ya miwati yake katika mtambo wa megawati 2.5 na kuiuzia TANESCO ziada. Tofauti iko wazi kwa anayeitafuta: huko malighafi imekwisha kufika kiwandani kwa kazi nyengine, au imepandwa na kampuni yenyewe kwenye ardhi yake, na hakuna bibi anayenyang'anywa kuni. Kwa mfano huo, Pemba ingeweza kufikiria mtambo mdogo sana, wa kilowati badala ya megawati, unaokaa jirani na kiwanda cha kukamua mafuta na kuchoma makapi ya makonyo na majani yaliyokwisha kutolewa mafuta. Kaka yangu angepata umeme mdogo kuliko anaoutaka, lakini usingekuwa na mgogoro. Sehemu ya ripoti inayopaswa kueleza njia mbadala inataja jua kwa mistari michache, na mtambo mdogo haukutajwa kabisa.

Mikataba nayo ina mafunzo yake. Mji wa Gainesville, jimbo la Florida nchini Marekani, ulifunga mkataba wa miaka 30 wa kununua umeme wa mtambo wa kuni wa takriban megawati 100 ulioanza kazi mwaka 2013, ukajikuta unalipia uwezo wa mtambo hata ukiwa umezimwa, na mwaka 2017 ukaununua mtambo wenyewe kwa karibu dola milioni 750 ili kujinasua. Mji wa Springfield, Massachusetts, wenye tatizo kubwa la pumu, ulibishana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya mtambo wa kuni hadi mamlaka ya mazingira ya jimbo ilipofuta kibali chake mwaka 2021. Watu wa huko nao waligawanyika kama sisi, baina ya ajira na pumzi. Mshauri anayelipwa kwa ujuzi wake alipaswa kutuletea habari hizi, tusizitafute wenyewe kwa simu zetu.

Baada ya mkutano niliandika barua ya maswali manne, juu ya kuni, miti, upepo na maji. Haki lazima isemwe: walinijibu ndani ya wiki mbili, kwa Kiswahili, na kijana mmoja wa kampuni alirudi mwenyewe kwa gari ya abiria, akakaa barazani kwetu hadi magharibi akiandika majina ya wenye minazi kwa kalamu yake. Alikubali kwamba vipimo vya kusi vinahitajika. Juu ya kuni alisema suala hilo liko nje ya hadidu za rejea, yaani mipaka ya kazi, walizopewa na mwenye mradi. Jibu hilo lilikuwa la kweli, nami namshukuru kwa ukweli wake, lakini tathmini ya mtambo wa kuchoma kuni isiyoruhusiwa kuhesabu kuni haipaswi kupokelewa na mtu yeyote, si sisi, si Mamlaka.

Nawapa nyota mbili kati ya tano. Shehia nyengine zikiletewa kampuni hii, zisiikatae, kwa sababu watu wake wanasikiliza na ramani zao zina thamani. Ila zidai kwanza kuona hadidu za rejea, zidai mkutano wa jioni, mmoja wa wanawake peke yao ukifanyika pwani kwenye mashimo ya makumbi, na zidai fomu yenye nafasi mbili, ya ardhi na ya miti.

Rasimu kwa sasa iko kwa sheha, na maoni bado yanapokewa. Atakayekwenda kuisoma aanze na kiambatisho cha malighafi, achukue mtu wa kumsomea Kiingereza kama hakijui, kisha afungue jedwali la wamiliki atazame kama jina lake limo, na kama minazi yake imo pamoja nalo.